Kocha Aliyefua Jezi Miaka Kumi na Sita Bila Kuziona

Mashine ya tatu haianzi kuzunguka mpaka ipigwe teke upande wa kushoto, chini kidogo ya mlango wake. Merle Kolar anaipiga teke, anasikiliza, anaridhika, kisha anarudi kwenye marundo yake ya nguo. Ni saa kumi na moja na robo alfajiri, siku ya Jumanne. Ndani ya jengo la michezo la Chuo cha Kestrel Creek, mjini Harlow Bend, Nebraska, hakuna mwingine aliyefika.

Marundo ni mawili. La kulia ni la jezi za mazoezi za washambuliaji, nyekundu iliyokolea. La kushoto, kwa miaka kumi na sita, lilikuwa la jezi za kijani za walinzi. Leo ni jeupe pe.

"Usiniulize za kijani ziko wapi," anasema bila kugeuka. "Moja ninayo kwenye gari. Nyingine sitaki kuziona tena maishani mwangu."

Kolar ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Ni mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na vidole vyake vimechubuliwa na sabuni. Kazi yake rasmi ni kuwafundisha warushaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani, na zaidi ya wote yule wa akiba, ambaye hukaa benchi akisubiri mwenzake aumie. Mrushaji ndiye anayepokea mpira kwanza, na ana kama sekunde tatu za kuamua amrushie nani kabla hajaangushwa chini.

Lakini chuo ni kidogo, na anayefundisha warushaji ndiye pia anayefua jezi, anayepaka chokaa mistari ya uwanja na anayeendesha basi la pili timu inaposafiri. Kwa yote hayo hulipwa dola elfu thelathini na moja kwa mwaka.

"Nimeolewa na mwanaume anayenukia sabuni kuliko mimi," anasema mkewe Joleen, mpishi wa shule ya msingi ya mji huo, "na mimi ndiye ninayeosha masufuria ya watoto mia tatu."

Wiki tatu zilizopita, katika chumba hiki hiki cha kufulia, Kolar aligundua jambo lililomwacha mdomo wazi. Mpaka leo anapolisimulia husimama katikati ya sentensi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bado haliamini vizuri.

Jambo lenyewe linamhusu Nico Arredondo.

Nico alifika miaka miwili iliyopita kutoka Scottsbluff, mwisho wa pili wa jimbo, ambako baba yake anafanya kazi katika kiwanda kinachotengeneza sukari kwa viazisukari. Alikuwa na miaka kumi na minane, mpole, mwenye mkono ambao Kolar hakuwahi kuuona mfano wake. Siku ya kwanza alisimama kwenye mstari wa kati akarusha mpira, nao ukaenda ukapita juu ya uzio na kugonga gari la mwalimu wa kemia. Kolar alifurahi mpaka akalilipia kioo mwenyewe.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mazoezi yalipoanza.

Nico akishika mpira mazoezini, walinzi walikaa mkao wa kula. Alikuwa akirudi nyuma hatua tano, akitulia, akirusha mpira mzuri, mnyoofu, wa kasi, moja kwa moja kifuani mwa mtu asiye wake. Kolar alihesabu kila mpira kwenye daftari. Katika kila kumi, mitatu iliishia kwa walinzi. Mrushaji anayenaswa mpira mmoja katika kumi huanza kutazamwa kwa jicho baya. Mitatu ni maafa.

Walinzi walimpa jina. Walimwita Krismasi, kwa kuwa aligawa zawadi.

"Jamani, Krismasi huyo kaja!" alikuwa akipiga kelele Tyrell Meeks, mlinzi wa kati, kila Nico alipoingia uwanjani. "Mimi nataka mkubwa, Krismasi, usinipe ule mdogo wa jana!"

Nico alikuwa akicheka na wenzake, kisha akirudi benchi na kutazama viatu vyake.

Ajabu ni kwamba kwenye mechi hakuwa hivyo. Mara mbili aliingizwa mwishoni, timu ikiwa imeshashinda, na mara zote mbili hakukosea hata mpira mmoja. Tisa kwa tisa. Kolar alipokwenda na daftari kwa kocha mkuu, Wendell Haverkamp, alijibiwa kwa sentensi moja.

"Alikuwa anacheza na watoto waliochoka, Merle."

Haverkamp ni mtu wa sauti kubwa na sheria chache, na ya kwanza ni kwamba nafasi ya Jumamosi hutafutwa Jumanne. Asiyeng'ara mazoezini kwake hana jina. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Nico alikuwa mrushaji wa akiba kwa sababu tu hakukuwa na mwingine aliye tayari.

Kolar hakukata tamaa. Alimpeleka kwa daktari wa macho, akasomeshwa herufi nyeusi kwenye ukuta mweupe mpaka ule mstari wa chini kabisa. Daktari akasema kijana ana macho ya mwewe. Alimpandisha kwenye gari lake akawa anamsomesha namba za magari yanayokuja barabara kuu. Alimrushia mipira ya tenisi iliyoandikwa tarakimu, akimtaka azitaje kabla ya kuidaka. Nico alizitaja zote.

"Herufi nyeusi, ukuta mweupe," anasema Kolar, na hapa anavua miwani. "Tarakimu nyeusi, mpira wa njano. Namba za magari. Nilimpima kila kitu duniani isipokuwa kile kimoja. Mtu mzima mimi."

Katika daftari lake la msimu uliopita kuna ukurasa wa Nico. Umeandikwa hivi: Mkono, mzuri sana. Moyo, mzuri. Macho, mazito. Mbele ya neno "Akili" Kolar hakuandika kitu. Aliweka alama ya kuuliza. Anauonyesha ukurasa huo kwa yeyote anayetaka kuuona, kama mtu anayejiadhibu.

Mwezi uliopita, Jumamosi, mrushaji wa kwanza wa timu, Grady Pohl, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Jumatatu asubuhi Haverkamp alimwita Kolar ofisini.

"Jumamosi anaanza Bo Lindgren," alisema. Bo ni wa mwaka wa kwanza, miezi miwili tu chuoni.

"Wendell, Bo hajui hata choo kiko wapi."

"Atajifunza. Arredondo nimempa miaka miwili. Arudishe jezi ya njano, nafasi yake nampa mwingine. Na umwambie wewe, kabla ya Alhamisi. Wewe ndiye uliyemlea."

Jezi ya njano huvaliwa na warushaji peke yao mazoezini, ili wasiangushwe kwa bahati mbaya. Kwa Nico ilikuwa na maana nyingine zaidi. Nusu ya ada yake ililipwa kwa sababu yu mrushaji. Akivuliwa jezi, chuo kimekwisha. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba yakiharibika atarudi nyumbani kabla viazi havijaisha mashambani, aandikishwe kiwandani na baba yake.

Kolar alitoka ofisini humo akiwa hajui anakwenda wapi. Jumanne alfajiri aliingia chumba cha kufulia, akaijaza mashine ya tatu jezi za kijani, akabonyeza kitufe, akakaa na kushika tama, akitafuta maneno ya kumwambia kijana.

Alisahau kuipiga teke.

Saa tisa alasiri, timu ikiwa inavaa viatu, jezi za walinzi zilikuwa bado zimeelea kwenye maji, na mlango wa mashine umejifunga. Haverkamp alifoka mpaka vioo vikatetemeka. Kolar akakimbilia stoo, akatoka na boksi la jezi za zamani za mechi za ugenini, nyeupe, nyingine zina matundu, akawagawia walinzi.

"Tumekuwa malaika leo," alisema Tyrell akijitazama. "Krismasi, njoo utupe zawadi mbinguni!"

Siku hiyo hakupata zawadi yoyote. Nico alirusha mipira thelathini na sita. Thelathini na mitatu ilidakwa na watu wake, mitatu ikaanguka chini, na hakuna mlinzi aliyegusa hata mmoja. Alirusha kati ya walinzi wawili, juu ya watatu, pembezoni kabisa mahali penye nafasi ya kiganja. Baada ya nusu saa kelele zote ziliisha uwanjani. Tyrell alisimama mikono kiunoni.

"Huyu nani?" aliuliza. "Jamani, nauliza kweli. Huyu ni nani?"

Haverkamp alitema kijiti cha meno, akasema kila mtu ana siku yake.

Kolar anakumbuka kwamba alikuwa ameshika filimbi mdomoni na hakuipuliza mpaka mate yakajaa ndani.

Jumatano alfajiri aliipiga teke mashine. Jezi za kijani zikazunguka, zikakauka, zikakunjwa. Alasiri walinzi wakazivaa. Katika mipira mitano ya kwanza, Nico alinasa... hapana, alinaswa miwili. Kolar mwenyewe huboronga hapo akisimulia, kwa sababu hapo ndipo damu ilipomwishia usoni.

"Nilisimama nikatazama uwanja," anasema. "Nyasi zile zile, watu wale wale, upepo ule ule. Nikajiuliza, Merle, nini kimebadilika tangu jana? Kimoja tu. Nami ndiye niliyekifua kwa mikono yangu."

Baada ya mazoezi alimwita Nico chumba cha kufulia.

Nico aliingia akiwa ameshavua jezi ya njano. Ameikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka juu ya mashine ya tatu.

"Nimeshasikia, Kocha," alisema. "Bo aliniambia. Usijisumbue kutafuta maneno. Ina jasho kidogo, samahani."

"Iache hapo. Njoo huku." Kolar alikuwa ametandaza jezi mbili mezani, nyekundu na ya kijani, ubavu kwa ubavu. "Niambie ipi ya washambuliaji."

Nico alipeleka mkono kwenye kola, ambako kila jezi ina herufi ya kikosi chake. Kolar akaifunika kola kwa kiganja.

"Usisome. Tazama tu."

"Nitazame nini?"

"Rangi."

Nico alizitazama. Akamtazama kocha. Akazitazama tena.

"Unanitega, Kocha?"

"Sikutegi."

"Mbona zote sawa? Hii labda imepauka kidogo."

Kolar aliondoa kiganja kwenye kola.

"Nico. Unaposema sawa, una maana gani?"

"Sawa ni sawa. Rangi moja. Si ndiyo zoezi lenyewe?"

"Zoezi gani?"

"Kutuvalisha sote sare moja. Ili mrushaji asitegemee nguo, amjue mtu wake kwa mwendo wake." Nico alianza kueleza kama mwanafunzi anayejibu mtihani. "Ezra anakimbia ameinamisha bega la kulia. Davies hatua yake ya tatu ni ndefu. Tyrell anarusha miguu nje kama bata. Nimewajua karibu wote, ila wakiwa wengi wananichanganya. Nikasema, mbona Grady anaweza? Nikajipa moyo, labda mwaka wa tatu na mimi nitaweza."

Kolar alikaa. Kilichokuwa nyuma yake ni kapu la soksi mbichi, na anaapa kwamba hakusikia baridi yoyote.

"Miaka miwili?" aliuliza.

"Miaka miwili, Kocha. Ni zoezi gumu sana. Lakini Jumamosi, wageni wanapokuja na nyeupe, mchezo unakuwa rahisi mpaka nacheka peke yangu."

"Na taa za barabarani?"

"Ya juu simama, ya chini nenda." Nico alimkazia macho. "Kwani nyinyi mnafanyaje?"

Alhamisi saa mbili asubuhi Kolar alikuwa mlangoni mwa kocha mkuu. Haverkamp alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Amekuchezea shere, Merle. Nimesikia visingizio mimi, mmoja aliniambia daftari la mbinu limeliwa na mbuzi wa shangazi yake, lakini hiki kimevunja rekodi."

"Mwite umpime mwenyewe."

"Nimpime na nini?"

Kolar alionyesha rafu nyuma yake. Kulikuwa na majalada mawili, jekundu na la kijani, hayana maandishi mgongoni. Nico akaitwa. Haverkamp alijifanya anatafuta kitu mezani.

"Arredondo, nipe hilo jalada jekundu hapo."

Nico alisita kwa muda wa pumzi moja. Kisha akachukua la kijani, akalileta kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Haverkamp alilipokea. Akalitazama. Akamtazama Nico usoni akitafuta japo dalili ya utani, asiipate.

"Asante," alisema. Ni mara ya kwanza, anasema Kolar, kumsikia akisema kitu kwa sauti ya chini.

Nico akatoka.

"Nani alichagua rangi hizi?" aliuliza Haverkamp.

"Wewe. Mwaka wa kwanza. Ulisema zinachangamsha, kama Krismasi."

Haverkamp aliegemea kiti, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. Alipoiondoa alisema mambo mawili tu: walinzi wavae nyeupe kuanzia siku hiyo, na kijana arudishiwe jezi yake ya njano, aanze Jumamosi.

Kolar aliifua jezi hiyo peke yake, kwa mkono, kwenye beseni. Nico alipoivaa alidhani bado ni sehemu ya mtihani fulani. Alipoelezwa vizuri, akiwa amekaa na daktari wa macho mbele ya kitabu cha madoa ambamo watu wengine huona tarakimu na yeye akaona madoa, aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo siku zote hizo Grady alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona," alijibiwa.

"Aah! Basi hata hakuwa hodari kiasi hicho."

Jumamosi akina mama wa mji walikuwa langoni tangu asubuhi, wakiuza maharage ya nyama na pilipili pamoja na mikate ya mdalasini, na habari zilikuwa zimeenea. Wengine waliamini, wengine walisema Kolar amezeeka. Mama yake Nico alisafiri mwendo wa saa sita kwa gari ili ajionee. Joleen alimkalisha pembeni yake na kumfunika blanketi.

Wageni walikuwa timu kali iliyokuwa haijafungwa. Walivaa nyeupe, na nusu ya kwanza Nico aliwachezea vilivyo, ingawa walinzi wa Kestrel Creek waliruhusu mengi na mapumziko yalifika matokeo yakiwa kumi na saba kwa kumi na saba.

Kisha ikanyesha.

Si mvua ya kawaida. Ilishuka kama vile mtu amemwaga pipa, na uwanja wa Kestrel Creek ni wa nyasi halisi juu ya udongo mweusi wa mahindi. Ilipofika robo ya mwisho, mistari yote aliyoipaka Kolar Ijumaa ilikuwa imefutika, na wachezaji ishirini na wawili walikuwa wa rangi moja kuanzia kofia hadi viatu. Rangi ya matope. Mrushaji wa wageni, kijana ambaye magazeti ya jimbo yalimsifia kila wiki, alirudi nyuma, akapepesa macho, akarusha mpira mzuri kabisa kifuani mwa Tyrell Meeks.

"Asante Krismasi!" Tyrell alipiga kelele akikimbia nao, na benchi zima lilielewa wakati mmoja.

Kolar alimtafuta Nico kwa macho. Nico alikuwa anavaa kofia yake taratibu, na alipopita mbele ya kocha wake akasema neno moja.

"Zoezi."

Alirusha mipira saba katika robo ile. Watazamaji jukwaani hawakujua nani ni nani, refarii mara mbili aliinama kufuta namba ya mchezaji kwa kidole ili aisome. Nico alirusha saba, na yote saba ikadakwa na watu wake. Ule wa mwisho aliurusha yadi thelathini na tano kwa mtu mmoja kati ya wanne waliokuwa wanakimbia kwenye utusitusi ule, wote wamefanana kama viazi vilivyotoka shambani. Mmoja wao aliinamisha bega la kulia. Ezra aliudaka akiwa ameshavuka mstari ambao haukuonekana tena. Ishirini na nne kwa kumi na saba.

Mama yake Nico alikuwa amesimama juu ya benchi, blanketi limeanguka, anamuuliza Joleen nani kashinda.

"Mwanao," Joleen alimwambia, analia na kucheka. "Ni yule mchafu kuliko wote."

Pamoja na hiyo, Nico ameanza mechi tatu na kushinda mbili. Watu humsimamisha Kolar dukani kumpa mkono. Wanamwambia amemlea kijana kwa mbinu ya ajabu. Yeye huondoka haraka, maana sifa hizo humchoma.

"Mbinu gani?" anauliza. "Nilimfunga mtoto kitambaa machoni miaka miwili, kisha nikaandika kwenye daftari kwamba haoni. Yeye ndiye aliyejifundisha. Angekuwa na roho nyepesi kidogo tu, leo yuko kiwandani anapakia sukari, na mimi bado nafua kijani."

Halafu anasema kitu kinachomkosesha raha hata sasa. Daktari alimweleza kwamba kati ya wanaume kumi na wawili, mmoja ana shida ya aina hiyo. Kolar alirudi nyumbani, akatoa madaftari yake yote ya miaka kumi na sita, akayapanga sakafuni sebuleni. Alitafuta warushaji wa akiba aliowaacha, wale ambao mbele ya "Macho" aliandika neno baya. Walikuwa kumi na mmoja.

"Merle wewe," Joleen alimwambia, "utakufa na presha."

"Kumi na mmoja, Joleen!"

Jumapili iliyopita alitia jezi mbili kwenye mfuko wa plastiki, akaendesha maili tisini kwenda kwa wa kwanza kwenye orodha, Curtis Oyler, aliyemwacha miaka kumi na mmoja iliyopita. Curtis sasa anatengeneza mitambo ya kumwagilia mashamba. Alimkuta uani, amelala chini ya trekta.

"Kocha Kolar?" Curtis alitoka, uso umejaa grisi. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Curtis, nataka nikuombe radhi, lakini kwanza tazama hizi." Alizitandaza juu ya boneti. "Usiguse kola. Niambie unaona nini."

Curtis alifuta mikono kwa kitambaa. Akazitazama jezi, akamtazama mzee, akaogopa kidogo.

"Naona nyekundu na kijani, Kocha. Za mazoezi. Wewe mzima?"

"Unaziona? Una hakika?"

"Hii nyekundu. Hii kijani. Kuna nini?"

Kolar alimweleza yote akiwa ameegemea trekta. Curtis alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa, kisha akaanza kucheka.

"Hapana, Kocha. Mimi rangi nilikuwa naziona vizuri kabisa. Nilikuwa mbovu tu."

Kolar alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. Mke wa Curtis akawaletea kahawa, na Curtis akataka kujua kila kitu kuhusu ile mechi ya matope. Alipokuwa anaondoka, Curtis alimshika mkono dirishani akamwambia kwamba miaka yote hiyo alidhani hakuna mtu Kestrel Creek anayelikumbuka jina lake.

Mashine ya tatu inanguruma na kusimama. Kolar anafungua mlango, anatoa jezi nyeupe moja moja, anazikung'uta. Kuanzia msimu ujao, anasema, kila kijana mpya atapita kwanza katika chumba hiki, kabla hajashika mpira, atandaziwe jezi mbili mezani na aulizwe swali moja. Haverkamp ameshakubali, na amesema yeye mwenyewe atakuwepo.

Lakini kabla ya msimu ujao kuna Jumapili hizi zilizobaki. Mfuko wa plastiki uko kwenye kiti cha mbele cha gari lake, na orodha imebandikwa kwenye usukani, jina la kwanza limekatwa kwa mstari. Wa pili anaishi North Platte. Wa tatu amehamia Wyoming. Kolar anaikunja jezi ya mwisho, anaweka kiganja juu yake kama anayeituliza.

"Wamebaki kumi," anasema. "Kila siku namwomba Mungu wote wawe walikuwa wabovu tu, kama Curtis."